Baiskeli Iliyotoka Bandani kwa Kuku

Mume wangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko Mengo, na tulipanga Kawempe. Jeshi liliposhika nchi petroli ikawa ya wenyewe, mabasi yakalala, naye akawa anatoka alfajiri kwa miguu ili uji wa wanafunzi uwahi. Jioni alirudi amekasirika na kila mtu, hata na paka. Kwa hiyo siku aliyokuja ameibeba baiskeli begani, badala ya baiskeli kumbeba yeye, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ilikuwa ya mwalimu Mwingereza aliyekwisha kurudi kwao, na tangu hapo ilikaa bandani kwa jirani wa shule, kuku wakilala juu yake. Usukani ulikuwa mweupe kwa mavi.

"Baba watoto," nikamwambia, "umenunua baiskeli au umenunua mbolea?"

"Wewe cheka tu. Utaomba nikupakie."

Haikuwa ile baiskeli nzito ya kubebea matoke, wala ile nyembamba ya mashindano. Ilikuwa katikati ya hizo mbili, nyepesi, tairi pana kidogo, na gia tatu. Aliifungua yote uani. Gololi za magurudumu alizitia kwenye mafuta ya taa ndani ya sufuria yangu ya mchuzi. Loo, tuligombana siku hiyo! Msasa haukupatikana, akasugua kutu kwa mchanga laini na majivu. Breki za zamani za vyuma akazitupa, akafunga za waya, na nyuma akaweka keria ya kubebea kuni. Spoki alizigonga kwa ukucha moja moja huku amefumba macho, anasikiliza ipi imelegea. Mwanamume niliyemzoea amenuna alikuwa anapiga mluzi, na mimi nilimpenda upya, nasema kweli.

Ikabaki rangi. Chini ya uchafu baiskeli ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, na yeye alitaka irudi vilevile. Lakini rangi ya dukani haikuwapo. Iliyokuwapo ni ya magendo, mikebe isiyo na karatasi, na wote tulijua inatoka kambini kwa jeshi. Nusu ya milango ya Kawempe ilipakwa kwa rangi hiyo. Bucha ilipakwa, benchi za kinyozi zilipakwa, hata jeneza moja nililiona. Akanunua mkebe, akapaka uani, na ilipokauka nikaona kijani kile cha magari ya jeshi.

Mimi ni Mnubi. Baba yangu alikuwa askari tangu enzi za Waingereza, na kijani hicho nilikifua utoto wangu wote. Nikasema, "Wee! Usitoke na kitu hiki."

"Kila mtu ana rangi hii, Mama watoto. Bucha wamemkamata?"

"Mlango wa bucha haupiti kwenye kizuizi cha askari barabarani!"

Akacheka. Mganda huyu alikuwa mkaidi, na miguu yake ilikuwa inauma. Jumatatu akaondoka anakanyaga, kengele inalia njia nzima.

Alipita salama kwa majuma kadhaa, mpaka nikaanza kujiona mwoga. Kisha asubuhi moja mama muuza mihogo alikuja mbio, kanga mkononi. "Mume wako wamemkalisha chini pale kizuizini. Wamemvua viatu."

Sikumbuki nilivyofika. Miaka ile kuvuliwa viatu hakukuwa jambo la viatu. Mtu alivuliwa, akatiwa kwenye buti la gari, na watu wake hawakupewa hata maiti ya kuzika. Nilimkuta amekaa kwenye tope, miguu mitupu mbele yake, na nyuma yake gari dogo, buti limeinuliwa tayari. Baiskeli ilikuwa imelala pembeni, tairi la mbele limetolewa upepo. Hakunitazama. Alijua akinitazama nitalia.

"Hii baiskeli ya jeshi," sajenti akaniambia. "Bwana yako mwizi."

Nikamjibu kwa Kiswahili cha kambini, kile nilicholelewa nacho. "Afande, si ya jeshi. Ni rangi tu. Ikwanguliwe, utaona chini yake nyekundu. Jeshi lina baiskeli nyekundu?"

Aliposikia Kiswahili hicho akasogea karibu. "Wewe mtoto ya askari?"

"Ndiyo, afande."

"Haya. Kwangua wewe. Mimi naona."

Kisu sikuwa nacho, na hata ningekuwa nacho nisingekitoa mbele ya bunduki. Nikaokota kizibo cha soda barabarani, nikapiga magoti, nikaanza kukwangua bomba la juu kwa meno ya kizibo. Rangi haikubanduka upesi, maana alikuwa amepaka kwa moyo. Vidole vikachanika. Machozi yakanitoka, na nilikuwa nalia kwa hasira: hasira na askari, na mume wangu, na yule muuza mikebe. Hatimaye ikatokeza ile rangi ya damu ya mzee, na pembeni yake mstari mwembamba wa dhahabu.

Sajenti akainama, akapitisha kidole. "Kweli. Si ya jeshi." Akawaashiria wenzake, wakafunga buti. Sauti ile ya buti kufungwa bila mtu ndani, Alhamdulillahi, naisikia hadi leo. Halafu akasema, "Basi sasa ya mimi. Tia upepo."

Na mume wangu akaja kwa magoti, akachukua pampu, akajaza tairi. Alipomaliza akasema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Afande, gia ya pili naruka. Kama naruka, kaza hapa."

Tulirudi nyumbani, yeye hana viatu, mimi nawaka moto. "Amekuibia, na wewe unamfundisha gia!"

"Ikimwangusha njiani," akasema, "atarudi kunitafuta."

Hata hivyo ilimsumbua sajenti, naye akaulizia kwetu. Jumapili ya pili tulisikia kengele uani, amesimama, cheni imetoka, anataka fundi. Mume wangu akaenda kunawa mikono, akaigeuza magurudumu juu, akaanza kugonga spoki. Hakupiga mluzi. Sajenti alikaa kwenye kigoda chetu, bunduki magotini, anawatania watoto wangu, akaniuliza kama kuna chai.

Sukari ilikuwa ya kupanga foleni siku hizo, na ndani palikuwa na vijiko viwili nilivyowawekea watoto. Nilimtilia vyote viwili, nikakoroga vizuri, nikampelekea kwa mikono miwili.