Miezi ya Kulipwa Nikae Kimya

Mwanasheria alikula kwa mkono, na hilo ndilo lililoniponza.

Nilimpeleka mwenyewe mpaka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kitanga ulioko ghorofani, nyuma ya maduka ya simu ya Dengfeng, nikamwagizia wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Nilidhani ataomba kijiko. Mwanamke yule akanawa, akakunja mikono ya shati lake jeupe, akala kama mtu aliyelelewa Ngamiani. Mimi ni mtu wa Tanga. Mgeni akila chakula cha kwetu namna ile moyo unafunguka, na mdomo unaufuata.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya manunuzi ya kampuni moja ya Kijerumani hapa Guangzhou. Wenyewe kwao wana maduka ya vyombo vya nyumbani na vitu vya watoto. Sisi huku tulivitafuta viwandani, tukavikagua, tukavipakia. Nilikuja mji huu kusoma, nikakijua Kichina, nikabaki, nikazaa, nikaachwa, na binti yangu sasa yuko darasa la tatu na anaota ndoto kwa Kichina. Siku moja meneja wetu, Mjerumani mpole mwenye maradhi ya mgongo, alitutangazia kwamba makao makuu yanamleta mwanasheria wa mambo ya ajira kuja kuweka mikataba yetu sawa. Alituambia kwa fahari kwamba ofisi anayotoka ni miongoni mwa zile zinazoongoza Ujerumani, na kwamba wenye viwanda wakubwa hawafukuzi hata mfagizi bila kuwapigia simu kwanza. Nilifurahi sana. Nilijiambia kwamba hatimaye tumepata mtu wa kututetea.

Mtu atanicheka, na ana haki. Lakini sisi tunasema kampuni yetu, kazini kwetu, bosi wetu, na tunamaanisha hivyo hivyo. Mwanasheria wa kampuni kwangu alikuwa kama muuguzi wa shule, anayemhudumia yeyote aliyeumia. Tena mwenyewe aliniambia mapema, tukiwa ndani ya metro, tumeshika vyuma. "Mimi nafanya kazi kwa ajili ya kampuni," alisema kwa Kiingereza, akinitazama usoni.

"Hata mimi," nikamjibu, na nikamwonyesha kiti kilichoachwa wazi.

Kwenye ule mgahawa tulimkuta Shangazi. Si shangazi wa damu. Ni mfanyabiashara wa Kariakoo anayekuja huku kununua mabegi ya shule, madaftari na midoli ya mtaa wa Yide Lu. Nilipofika Guangzhou mara ya kwanza nilikaa naye kiti kwa kiti ndani ya ndege, na alipojua kwamba bweni langu bado halijafunguliwa, akanichukua hotelini kwake akanigawia nusu ya kitanda. Tangu hapo kila akija, Jumapili yangu ni yake. Namzungusha madukani, namsemea, namkagulia mzigo. Wengine nao hunipigia simu, nao nawasaidia. Ndivyo tunavyoishi Waswahili wa huku: anayejua lugha ni mdomo wa asiyeijua, na hakuna anayeiita kazi. Siku ya kuondoka anakufungia doti ya khanga au korosho, mnaagana.

"Na huyu mwenzetu ni nani?" Shangazi akaniuliza, akivuta kiti mezani petu.

"Mwanasheria wetu, Shangazi. Katoka Ujerumani."

"Mashallah. Mwambie wewe ndiye mdomo wetu hapa. Bila wewe tungeshauziwa katoni za hewa."

Nikatafsiri kwa haya kidogo. Mwanasheria akatabasamu na kuniuliza kama huwa nawasaidia mara kwa mara. Nikasema ndiyo, karibu kila Jumapili. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile aliyoombea ndimu, kama wananilipa.

Nikamtafsiria Shangazi. Akajiweka sawa kitini, akavuta mtandio.

"Mwambie namlipa, tena namlipa vizuri. Mimi si mtu wa vya bure. Asije akadhani namtumikisha mtoto wa watu."

Si kweli. Hajawahi kunilipa hata senti. Lakini alikuwa anailinda heshima yake mbele ya mgeni, na yangu pia, maana kwa macho yake mtu anayefanya kazi bure ni mjinga au hana thamani. Ningefanyaje? Nimwambie mgeni kwamba mtu mzima huyu anadanganya, na yeye anasikiliza, na chakula kiko mbele yetu? "Anasema ananilipa vizuri," nikasema, na nikacheka. Mwanasheria naye akacheka, akamalizia juisi yake ya ukwaju.

Wiki iliyofuata tukaambiwa ofisi inafungwa. Watu waliitwa mmoja mmoja, na kwa kuwa vijana wa ghala hawakujua Kiingereza, nilikaa pembeni ya mwanasheria na kuwatafsiria kuondoka kwao. Mmoja alilia. Mwingine aliuliza kama bado ataruhusiwa kuchukua maji ya chai jikoni. Zamu yangu ilipofika sikuhitaji hata kuhama kiti.

Masharti aliyasoma taratibu. Nitaendelea kupata mshahara mpaka mwisho wa notisi, ila nisifike kazini. Na katika muda huo nisimfanyie kazi mtu mwingine yeyote, wakiwemo wafanyabiashara wa Xiaobei. Hilo alilisoma bila kuniangalia. Nikitii, nitapewa kiinua mgongo na hati ya kuachishwa kazi. Mwajiriwa wa kigeni hapa China anaijua hati hiyo. Bila hiyo, kiwanda cha taa cha mji jirani wa Zhongshan kilichokuwa tayari kunichukua kisingeweza kuhamisha kibali changu cha kazi, na kibali cha binti yangu kimening'inia kwenye changu. Nisipotii, au nisiposaini, kampuni italazimika kuandika kwamba nilikuwa nafanya kazi ya malipo nje ya kibali.

Hakulisema kwa vitisho. Alilisema kama anayekuelekeza njia ya stesheni.

"Yule mama hanilipi," nikasema.

"Alisema anakulipa vizuri."

"Alikuwa anaona haya."

Akanitazama. Nadhani alijaribu kuelewa, namkubalia hilo.

"Lakini wewe ni mwanasheria wetu," nikasema. Hata sasa nikilikumbuka neno hilo masikio yananiwaka moto.

Akaweka kalamu chini. "Mimi ni mwanasheria wa kampuni. Nilikwambia siku ile. Una haki ya kutafuta wako, na nakushauri utafute."

Nilitafuta. Wangu alikuwa Mchina kijana mwenye ofisi ndogo juu ya duka la miwani, akasoma karatasi yote, akaniambia nisaini kabla hawajabadili mawazo. Nikasaini. Kwa hasira niliyokuwa nayo, ile sahihi haifanani na yangu.

Basi nikaanza kulipwa nikae. Nyumbani Tanga walidhani nimeokota dhahabu. "Unalipwa kulala? Na sisi tutafutie kampuni hiyo," alisema kaka yangu, na kila nikijaribu kumweleza alizidi kucheka. Asubuhi nilimpeleka binti yangu shule, nikarudi, nikaosha vyombo vilivyo safi. Jioni nilimfuata. Kati ya hapo nilikaa dirishani, nikitazama nguo za majirani zikikauka kwenye vyuma. Xiaobei sikwenda. Ningeendaje? Kila hatua tano kuna mtu wa kwetu ameshika kikokotoo na anahitaji kusemewa neno moja tu, dada, neno moja. Nikaacha kupokea simu. Ujumbe ukaanza kuja: dada umetususa, dada siku hizi unaringa, dada umekuwa Mchina kabisa. Niliusoma wote, sikuwajibu. Niliogopa hata jibu langu lisije likahesabiwa kazi.

Hofu ina upuuzi wake. Siku moja sokoni mwanamke wa Kinigeria aliniomba nimuulizie bei ya tangawizi. Nikatikisa kichwa kama bubu. Binti yangu akamuulizia, akarudishiwa jibu, akanitazama kwa mshangao. "Mama, si unajua?" akasema. Nikamwambia twende.

Shangazi akaja. Yeye simu yake nilipokea. Nilimfuata hotelini kwake, ile ile ya zamani, nikamweleza mambo yote isipokuwa chanzo chake. Alisikiliza huku akitoa vitu sandukuni.

"Kwa hiyo wanakulipa ili usifanye kazi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kwenda na mimi dukani ni kazi."

"Kwao ni kazi."

"Basi usiseme kitu. Nisindikize tu. Kutembea nako wamekataza?"

Hawakukataza. Tukaenda Yide Lu, kwenye duka lake la siku zote, na mimi nikasimama nyuma yake nimefunga mdomo. Alichagua begi la shule la sampuli, zuri, lenye mshono wa kurudia. Bei waliipatana kwa kikokotoo, kila mmoja akiandika namba yake na kumgeuzia mwenzake. Mwenye duka ananifahamu. Alinitania kwa Kichina kwa nini leo laoban, yaani bosi, hana sauti, nikatabasamu tu. Labda alidhani nimeugua koo, au labda hakujali, maana aligeuka na kumwambia mkewe, mbele yangu, kwa Kichina safi, wafunge yale mabegi ya mwaka jana yaliyopata unyevu, huyu mama hatafungua katoni.

Nikatazama mkoba wa Shangazi. Neno moja, la Kichina au hata la Kiswahili, lingetosha. Lakini duka lile lina watu, na lina kamera juu ya mlango, na mimi kichwani mwangu nilikwisha kuiona hati yangu ikichanwa na binti yangu akifungishwa begi lake. Nikamshika Shangazi mkono.

"Shangazi, naumwa. Nirudishe."

"Ngoja nilipe, mwanangu."

"Sasa hivi, Shangazi. Naanguka."

Akaniangalia, akarudisha pesa mkobani, akanishika kiuno. Mwenye duka alituita mpaka barabarani. Kwenye teksi Shangazi alinipepea kwa risiti ya mtu mwingine aliyoikuta kwenye kiti. Kesho yake alinunua kwingine.

Siku ile ile, chumbani kwake, alinilaza kitandani, ile nusu yangu. Nikamwambia kuhusu unyevu. Akafungua sanduku akatoa doti ya khanga, kama kawaida yake, akaniwekea kifuani.

"Siwezi kuichukua," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wataiita malipo."

Kwetu mtu harudishi khanga ya mkubwa wake. Niliirudisha. Niliiona ile doti mikononi mwake, na uso wake, na nikatamani ile ofisi na Ujerumani yote izame.

Akaikunja upya, taratibu, ingawa ilikuwa imekunjwa. "Ni yule mama wa Kizungu tuliyekula naye?" akauliza.

"Ndiye."

"Nilimwambia nakulipa."

"Ulimwambia, Shangazi."

"Sijakulipa hata siku moja."

"Najua."

Hati yangu nilikuja kuipata, na haya nayaandika nikiwa na kibali cha Zhongshan. Lakini siku ile hatukujua, si mimi wala yeye. Shangazi alisimama, akaenda kwenye kioo, akafunga mtandio wake vizuri, akarudi akakaa wima ukingoni mwa kitanda kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mpigie. Nitamwambia mwenyewe kwamba nilisema uongo."

Kwa mtu kama yeye, kulisema hilo mbele ya mgeni kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. Nikamweleza kwamba haitasaidia, kwamba yule mama si wetu na hakuwa wetu tangu mwanzo, na kwamba hata akipokea hatasikiliza kwa ajili yangu.

"Hata hivyo mwambie," akasema, akitazama ukuta. "Mwambie huyu ni mwanangu. Mwambie mtu halipi mwanawe."

Nikakaa kitako. Simu sikuishika. Nikatafsiri kwa Kiingereza, kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyokuwa nikifanya ofisini, na chumbani hamkuwa na mtu mwingine. Nilipomaliza Shangazi akatikisa kichwa kukubali, akaniuliza yule mama amesema nini.