Uji wa Jiko

Skolastika alipofikishwa Bweri akiwa bibi harusi, kitu cha kwanza alichoonyeshwa na mama mkwe wake, Ursula, hakikuwa chumba cha kulala. Kilikuwa ni mahali pa jiko. Uwani, mbali na paa la nyasi la banda la kuku, palikuwa pamefyekwa na kufagiliwa kama mbele ya altare, na palikuwa patupu.

"Hapo patakaa jiko la shingo," alisema Ursula. "Siyo hayo mafiga yenu ya Butiama."

Ursula aliwapikia masista wa misheni mpaka moshi ulipomharibu macho. Huko ndiko alikoliona jiko la udongo lenye tumbo kama mtungi, mdomo ubavuni wa kuingizia kuni, na shingo ndefu inayopeleka moshi juu angani. Jioni za baridi masista walikuwa wakilizunguka uwani, wanaota moto na kucheka kizungu, huku mpishi amesimama mlangoni na sinia mkononi. Tangu hapo Ursula alikuwa na haja moja duniani: naye siku moja akae, na mwingine asimame.

"Na maji yawe mbali," alimwambia mkwewe, akipunga kidole. "Masista walikuwaga hawataki mtu apite na ndoo karibu nalo likiwa na moto. Udongo wa moto na maji ya baridi hawasalimianagi."

Skolastika alisema, "Ndiyo, mama," na neno hilo alilishika.

Jiko la kwanza lililetwa na mtu wa Nyakato, Skolastika akiwa ameshazaa. Ursula hakutaka kusubiri. Ndani ya tumbo la jiko huwekwa mchanga, ili makaa yasiguse udongo, basi alimtuma Skolastika ziwani na karai. Mchanga ukaja umelowa, umejaa vipande vya magamba ya konokono. Siku hiyohiyo Ursula akaamuru moto, tena moto mkubwa, magogo ya kuivisha maharage ya msiba. Jiko likaanza kutoa mvuke kama mgonjwa wa malaria. Kisha gamba moja likalipuka mle ndani, likafuata la pili, na tumbo likafunguka.

Vigae havikutupwa. Ursula aliviegemeza ukutani, pale pale mgeni anapopita, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Hiyo ni kazi ya mkwe wangu." Hakuwa akipandisha sauti. Ukali wake ulikuwa wa chini kwa chini, kama moto wa pumba.

Florian, mume, alikuwa akifanya kazi kiwanda cha nguo, siku ambazo kiwanda kilikuwa na vipuri vya kufanyia kazi. Alikuwa mpole, ila upole wake ulikuwa wa mbuzi aliyefungwa kamba: alikwenda mpaka pale kamba ya mama yake ilipoishia. Jioni moja, wakila ugali wa muhogo na dagaa waliohesabika, Ursula alimwambia mbele ya mkewe:

"Akipasua la pili, atalibeba kichwani arudi nalo kwao. Mtoto atabaki. Ng'ombe zetu za mahari zilishakunywa maji ya Butiama, hazirudi."

Florian alitafuna. Skolastika alimtazama mpaka akameza, akidhani baada ya kumeza atasema. Florian alichukua tonge lingine.

Mtoto mwenyewe ni Clementi, ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno. Surua ilikuwa imemtoka karibuni na kumwachia shingo kama ya kifaranga na macho makubwa kuliko uso. Ulikuwa mwaka wa njaa. Madukani kulikuwa na rafu na muuzaji tu. Unga ukija, ulikuja ule wa njano, watu waliuita Yanga, na foleni yake ilianza kabla jogoo hajawika. Mfuko wa unga wa nyumba ile ulikaa chini ya kitanda cha Ursula.

Skolastika alikwenda kulitafuta jiko la pili Butiama, kwa bibi Robi, dada wa bibi yake mzaa mama, ambaye alikuwa mfinyanzi. Alimkuta amekaa katikati ya majiko yake kama kuku na vifaranga.

"Wee mtoto, umekonda! Huko ziwani hawalagi samaki?"

"Samaki wanakula wao, bibi. Mimi nakula mifupa."

"Basi umekuja kununua jiko la kupikia mifupa." Robi alicheka hadi akakohoa, kisha akamtazama vizuri na kicheko kikakatika. "Haya, chagua. Usichague kwa macho. Gonga."

Skolastika aligonga la kwanza kwa kifundo cha kidole. Likajibu kwa sauti nzito, kama mtu mwenye mafua.

"Hilo lina ufa ambao haujaonekana. Nimeliweka hapo kwa ajili ya wanaonidharau. Gonga jingine."

La tatu lililia kama kengele ya misa. Robi akamwambia aingize mkono kwenye mdomo wa jiko, apapase pale shingo inapokutana na tumbo, maana jiko likifa hufia pale. Akapapasa. Palikuwa laini, unene mmoja pande zote.

"Sasa sikiliza. Mchanga uwe wa mtoni, uuanike mpaka ukipulizwa upae. Siku za mwanzo moto wa vijiti tu, kama unamwogesha kichanga. Halafu ulilishe. Likiwa vuguvugu, lipake uji mwembamba ndani na nje, liunywe, lizibe matundu. Usiku mvua ikinyesha, lifunike. Usiliingize ndani hata kwa baridi ya namna gani. Makaa yakikosa pa kupumulia yanakula pumzi zenu wenyewe. Na maji..."

"Maji najua, bibi."

"Kama unajua, nenda. Na ukikosa uji?"

"Nitaukosaje?"

"Mwaka huu, mwanangu, watu wanakosa hata mate. Ukikosa, chemsha mlenda, upake ule utelezi wake. Siyo kama uji, lakini litashiba."

Alipolifikisha Bweri, lori limemtikisa mifupa yote, alilibeba kutoka barabarani kama anavyobebwa mgonjwa. Akaanika mchanga. Akawasha vijiti. Ursula alikaa kwenye kigoda chake akisonya.

"Huo ni moto au kiberiti?"

"Linazoea, mama."

"Mimi nimewaona masista. Hawakuwa na ushamba huu."

Siku ya kulilisha ilipofika, Ursula aliingia chumbani, akachota unga mwenyewe, akakoroga uji mwenyewe, akautoa nje ukiwa kwenye bakuli. Aliuweka chini mbele ya mkwewe.

"Huu ni wa jiko. Siyo wa mtu. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Ursula akaenda zake kuwaalika wanajumuiya, kwa sababu Jumapili sala ya jumuiya ndogo ingekuwa kwake.

Clementi alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, karibu na vile vigae. Harufu ya uji ilimfikia. Hakulia. Kama angelia, labda mama yake angeweza kumkaripia. Alitambaa, ingawa kutembea alishajua, akafika kwenye bakuli na kuweka viganja vyake vyote viwili juu ya ukingo, na akamtazama mama yake akisubiri kuruhusiwa.

Skolastika alitazama jiko. Alitazama mtoto. Kisha akamnywesha wote, kijiko kwa kijiko, akipuliza kila kimoja, na mwisho akafuta bakuli kwa kidole na kumpa kidole chenyewe anyonye.

Baada ya hapo akachuma mlenda nyuma ya uzio, akauchemsha, akalipaka jiko ndani na nje, akirudia na kurudia mpaka likawa jeusi linang'aa. Ursula aliporudi alilitazama jiko, akalizunguka. Kisha akamtazama Clementi, ambaye kidevuni alikuwa na ganda dogo la uji wa njano lililokauka. Akamnyanyua, akalibandua kwa ukucha, akalitazama pale kwenye ncha ya kidole. Akamweka mtoto chini, akaingia ndani. Skolastika alishukuru moyoni. Hakujua kwamba kile kimya kilikuwa kinawekwa akiba.

Jumapili wanajumuiya wakaja, wakakaa uwani wakilizunguka jiko. Ursula alikaa katikati, kwenye kiti chenye mgongo. Skolastika alisimama mlangoni na sinia. Moto safari hii Ursula aliuwasha mwenyewe, kuni nene, na jiko likavumilia. Shingo ilivuta moshi juu, tumbo likawa jekundu kwa ndani, na hakuna jicho lililotoka chozi. Watu walisifu.

"Hee, mama Florian, hili siyo jiko, ni treni!"

"Tutahamia hapa hapa, utulishe!"

Skolastika alitabasamu peke yake pale mlangoni. Jiko lilikuwa limeshika. Mtoto angebaki wake.

Ursula akasimama. "Mzee Stanislausi," alimwambia katekista, "kitu kipya kwenye nyumba ya Wakristo kinabarikiwa. Tulibariki."

Akatoa bakuli la maji ya baraka, limejaa pomoni, na tawi la majani. Lilikuwa bakuli lile lile la uji. Skolastika aliliona, akaweka sinia chini.

"Mama, tungesubiri lipoe kwanza."

Watu wakageuka. Mkwe hakatizi sala.

"Lipoe?" Ursula aliuliza kwa sauti ya upole sana. "Kwani maji ya Mungu yanachagua?"

"Mama, wewe mwenyewe uliniambia maji..."

"Nilikwambia maji. Haya ni ya baraka. Au kuna kitu umeweka humo ambacho hakipatani na baraka?"

Mtu mmoja akajifanya kukohoa. Mzee Stanislausi, ambaye alikuwa mtu mwema na hakujua majiko, akanyunyiza. Matone yakaruka na kuchachatika, jiko likavumilia hata hayo. Akamaliza sala, akarudisha bakuli.

"Yasibaki," alisema Ursula. "Ni dhambi kuyamwaga chini." Na akayamwaga yote juu ya tumbo la jiko.

Ulikuwa mlio mmoja tu, mkavu. Ufa ulitoka mdomoni ukapanda hadi shingoni, shingo ikainama taratibu kama mtu anayesinzia kanisani, ikaanguka. Makaa yakamwagika, wanawake wakavuta kanga zao na watoto wao.

Kisha mwanamke mmoja akajikinga kwa ishara ya msalaba, akimtazama Skolastika.

"Jiko lililolishwa halipasuki," alisema Ursula. "Nilitoa uji wangu, mwaka huu, nyote mnajua mwaka huu ulivyo. Nilikoroga kwa mikono yangu. Clementi, njoo kwa bibi."

Mtoto akaenda.

"Uji wa jiko alikula nani, baba?"

Clementi aliangalia watu wote waliomtazama yeye peke yake. Akajigonga kifua, amefurahi.

"Mimi!"

Wengine walicheka, kwa vile alisema vizuri. Florian alikuwa amesimama karibu na uzio. Skolastika alimwita kwa jina mbele za watu, jambo ambalo mke hafanyi. Florian akainama kuokota kaa lililokuwa linaunguza nyasi, na alichukua muda mrefu sana kulizima.

Kesho yake Skolastika aliondoka na vigae kichwani, vimefungwa kwenye kanga, kama ilivyosemwa. Clementi walimpeleka kwa jirani asione. Skolastika alipopita aliisikia sauti ya mtoto, anacheza.

Bibi Robi alivipanga vigae chini, akavizungusha, akapitisha kidole kwenye kingo.

"Hili halikufa njaa. Tazama, mlenda umeingia mpaka ndani. Limemwagiwa maji. Rudi ukawaambie."

"Wote walikuwepo, bibi. Nikamwambie nani?"

Robi alivisukuma vigae kando. Alimsogezea udongo.

Miaka ikapita, nchi ikafunguliwa. Madukani vitu vikajaa, sabuni za rangi zote, na watu wa minofu ya sangara wakajenga nyumba za bati zenye uwa mpana. Wakataka majiko ya shingo, wakae jioni na bia zao. Skolastika alikuwa na kibanda chake Manyamanyama, Bunda, na majiko yake yaligongwa na watu wa mbali. Kila mnunuzi alimwambia habari ya mchanga, ya moto mdogo, ya kutoliingiza ndani. Habari ya maji aliisema mara mbili.

Asubuhi moja alikuja kijana mrefu, shingo nyembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alijibu kabla hajainua macho. Alipoyainua, mikono yake ilibaki ndani ya udongo.

"Mimi ni Clementi. Natoka Bweri." Alisema kama anayesoma alichotumwa. "Bibi anataka jiko. Amesema ya kwako ndiyo mazuri. Amesema usimpe lenye ufa."

"Bibi yako hajambo?"

"Macho tu. Anapenda kukaa nje, kwenye moto."

Skolastika alinawa, akaligonga moja akaliacha, akagonga jingine, akachagua lililolia kuliko yote aliyowahi kufinyanga. Aliliwashia vijiti. Akakoroga uji, uji mweupe wa maziwa na sukari, akakoroga mwingi. Kijana alisimama akitazama pembeni.

"Umekua," alisema Skolastika.

"Ndiyo."

"Hukumbuki kitu?"

"Bibi alinieleza." Clementi aliangalia viatu vyake. "Nilikuwa mgonjwa, ukala uji wangu. Ndiyo maana walikurudisha."

Vijiti vililia ndani ya jiko. Skolastika alifungua mdomo, akaona uso ule, ulivyoshiba, ulivyotulia, wenye bibi mmoja tu wa kumwamini duniani. Akachota kikombe, akapuliza, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa kwanza. Barabara ni ndefu."

Kijana alirudi hatua nyuma. Hakuwa mkorofi, alikuwa amelelewa kutii.

"Samahani, mama. Bibi amenikataza kula kwako."

Skolastika alikaa na kile kikombe mpaka kikaacha kutoa mvuke. Kisha akachovya tambara, akaanza kulipaka jiko, tumbo, mdomo na shingo. Uji wa kwenye chungu ulipokwisha, akachukua na wa kwenye kikombe. Jiko likaunywa wote.