Mnazi wa Kitovu Changu

Kitovu changu kimezikwa kwenye shamba la watu. Nalisema mapema ili nisije nikadhaniwa nina mirathi ya kujisifia. Miaka ya hamsini wazazi wangu walikaa kwenye kibanda cha udongo ndani ya shamba la mikarafuu, juu ya Mtoni, na kila kilichokuwamo kibandani kilikuwa chetu, isipokuwa pale kiliposimama. Mwenye shamba alikaa Mji Mkongwe. Sisi tulikaa kwa masharti: baba apalilie chini ya mikarafuu, na kwa malipo hayo tulime muhogo na viazi katikati ya miti yake. Mti wa kudumu hatukuruhusiwa kupanda. Muhogo sawa, migomba walifumba macho, mnazi hapana.

Sababu yake kila mtu kisiwani aliijua. Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na huenda wasiwe mtu mmoja. Aliyepanda mnazi, mnazi ni wake, hata kama udongo ni wa mwingine. Ndiyo maana wenye mashamba walituogopa sisi na miche ya minazi kuliko walivyowaogopa wezi wa karafuu.

Baba aliyajua yote hayo, na akapanda. Kitovu changu kilipodondoka, bibi yangu wa Makunduchi alituma neno kwamba kipelekwe huko, kikazikwe kwa wazee. Mama hakutaka. Alisema kizikwe mlangoni petu na juu yake uwekwe mche wa mnazi, kama ilivyo desturi, ili nisije nikaambiwa sina kwetu. Baba alikuwa mpole kupita kiasi, na hakuweza kumkatalia mzazi wa siku saba. Mpaka leo sijui nimlaumu nani kati yao, na siku nyingine nawalaumu wote wawili.

Yule mwenye shamba, mzee wa makamo ya babu yangu, aliuona mnazi ukiwa bado mche. Akauliza nina umri gani, akacheka, akanyamaza. Ulipoanza kuzaa alikunywa dafu lake pale pale mlangoni na kulisifu. Sisi tukachukulia kwamba kunyamaza kwake ndiyo ruhusa. Hapo ndipo tulipojidanganya, kwani kunyamaza hakuandikwi popote.

Alifariki nikiwa na miaka kumi. Mwanawe akaja kutoka mjini pamoja na nokoa, yaani msimamizi wa shamba, wakapita wakikagua mti mmoja mmoja mpaka mlangoni petu.

"Huu nani kaupanda?" mwana akauliza.

"Mimi, bwana," baba akajibu. "Hapo pana kitovu cha mwanangu."

"Marehemu alijua?"

"Alijua."

"Karatasi yake iko wapi?"

Baba akamtazama nokoa. Nokoa alikuwa amekula nazi za mnazi ule miaka mitatu, na siku ile alikuwa na kazi ya kukagua mchwa kwenye mlango wetu.

Baada ya siku tatu nokoa alirudi peke yake na karatasi. Baba aitie dole gumba, au tuhame kabla ya masika. Ilikuwa ya Kiswahili, kwa herufi za kizungu. Mama alisoma Kurani, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu aliwasomea mpaka majirani, lakini mbele ya karatasi ile akahesabiwa hajui kusoma. Aliyekuwa skuli ni mimi.

"Hebu tusomee, mwanangu," baba akasema.

Nikasimama wima kama tulivyofundishwa. Nikasoma kwamba mnazi ulio mbele ya kibanda ulipandwa kwa amri ya mwenye shamba. Nikasoma kwamba mkaazi hana haki juu ya mti, wala matunda yake, wala ardhi, na kwamba anakaa kwa hisani tu. Sikukwama hata neno moja. Nilijiona, na hilo ndilo linaloniuma.

"Uongo," mama akasema. "Kaupanda huyu, na maji nkitia mie."

"Bi, mie sikuandika. Nimetumwa tu," nokoa akajibu.

Mama akamgeukia baba. "Basi ukate. Kuliko kuwapa, ukate leo."

"Mnazi wa kitovu haukatwi," baba akasema. "Na tukihama, twende wapi? Muhogo wenyewe haujakomaa."

Akaminya dole lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Mama aliingia ndani kabla hajamaliza. Nokoa alipoondoka, baba alijifuta wino kwa jani la mgomba, akajifuta tena na tena, na hautoki.

Siku hizi redioni husema kumiliki mali ni haki ya kila binadamu. Nakubali, lakini huwa nakasirika kabla hawajamaliza. Baba yangu hakunyang'anywa kwa nguvu; angenyang'anywa, angalau angepata cha kusimulia. Aliambiwa aukane mkono wake mwenyewe, ule uliochimba shimo, na akafanya hivyo kwa sababu ya muhogo mchanga. Na maneno ya kuukania nilimsomea mimi.

Miezi miwili baadaye nokoa alikuja na mkwezi. Siku hiyo mama alikuwa amepika muhogo wa chumvi, kwa vile nazi zilikuwa juu ya vichwa vyetu na haziguswi. Nilisimama mlangoni nikazitazama zikianguka moja moja. Walipomaliza kuzikusanya, nokoa akachagua moja ndogo na kuniita.

"Naam," nikaitika.

"Chukua hii. Umepewa."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa. Nikasema ahsante.

Mama alikuwa nyuma yangu, akanisikia. Hakunigombeza. Aliichukua ile nazi mikononi mwangu, akairudisha kwenye fungu lao, akaniambia niende ndani nikale. Muhogo ulikuwa mkavu, unakwama kooni. Niliula wote, na kila kipande nilichomeza nilikuwa naitaka ile ahsante yangu irudi.