Leonila na Daktari Aliyetaka Kuwa Nesi

Leonila Gumban alikuwa na shauri moja ambalo hakulitoa mpaka ahakikishe mlango umefungwa.

"Wakikuuliza ulikuwa unahudumia wagonjwa wangapi kwa zamu, sema kumi na wawili."

"Lakini walikuwa arobaini, dada."

"Najua walikuwa arobaini. Mzungu hataamini. Ataona ama unaongopa, ama umeshaua nusu yao. Sema kumi na wawili."

Nilifanya naye kazi miaka tisa katika ofisi ya wakala wa ajira mjini Iloilo, ghorofa ya pili juu ya duka la viatu. Yeye aliwaandaa manesi kwa usaili wa kwenda ng'ambo, mimi nilipanga mafaili yao. Kila asubuhi tulikuta foleni imeteremka ngazi hadi barabarani, wasichana wamekumbatia bahasha za kaki kama watoto wachanga. Usijipulize manukato, aliwaambia, huko kuna wagonjwa wa pumu. Usiseme unafuata pesa, sema unataka kuongeza ujuzi. Wanajua si kweli, wanachopima ni kama unaweza kuongopa kwa adabu. Mwaka uliokaa bila kazi usiuache wazi kwenye wasifu. Sema ulimuuguza bibi yako, na huyo bibi awe na jina, na awe ameshakufa. Wasichana walicheka, wakaandika, wakaondoka. Baada ya miezi kadhaa picha zao zilitufikia, wamevaa makoti kwenye theluji.

Yeye mwenyewe hakwenda popote. Alikuwa nesi miaka sita, na nafasi yake Uingereza ilikuwa tayari, lakini picha ya eksirei ya kifua ikaonyesha kovu la kifua kikuu cha utotoni. Kovu lilikuwa limepona zamani. Wakamkataa vivyo hivyo. Ndipo akaanza kuwasindikiza wenzake.

Februari mwaka 2004, foleni ile ilituletea mwanamume wa miaka hamsini na mitatu. Nililisoma jina kwenye faili mara mbili: Eustaquio Deocampo. Ndiye aliyekuwa daktari mpasuaji pekee wa hospitali ya wilaya katika mji wetu wa milimani, mimi na Leonila tulikozaliwa. Miaka hiyo madaktari wengi walirudi darasani kusomea unesi, kwa sababu nesi alitafutwa ng'ambo na daktari hakutafutwa. Deocampo alisoma miaka miwili kila Jumamosi na Jumapili, ameketi dawati moja na watoto wa umri wa binti yake.

Nilipompelekea Leonila lile faili, uso ulimbadilika. Nilijua sababu. Alipokuwa mwanafunzi, katika chumba cha upasuaji, alimkabidhi Deocampo koleo ambalo silo. Daktari akamgonga nalo kwenye vifundo vya vidole, mbele ya watu wote, akasema, "Mikono hii ni ya kufulia nguo." Tangu siku hiyo Leonila hakuingia tena chumba cha upasuaji. Aliomba wodi, akabaki wodini mpaka alipoacha kazi.

"Karibu, Daktari. Kaa," alimwambia.

Deocampo aliketi. Hakumtambua.

Leonila akachukua kalamu nyekundu, akaanza kukata mistari ya wasifu wake. Alikata upasuaji wa tezi, akakata miguu iliyovunjika, akakata kinamama waliopasuliwa usiku na mchana kwa miaka ishirini na sita.

"Mbona unakata kila kitu?"

"Nani anamtaka nesi aliyepasua matumbo elfu nne? Watakuogopa, Daktari. Watasema huyu atakuja kubishana na madaktari wetu."

"Sasa nitasema nilikuwa wapi muda wote huo?"

"Hospitalini. Hapo umedanganya nini?"

Kurasa nne zikabaki nusu ukurasa. Deocampo aliitazama ile karatasi muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo la msiba wake mwenyewe, kisha akatia sahihi.

Mwezi wa Aprili walikuja wasaili kutoka Uingereza, watu wa kampuni yenye nyumba za kutunzia wazee. Wakamuuliza: mzee ameandikiwa dawa ya moyo, na wewe unaona kipimo kimezidi, utafanya nini?

"Nitakipunguza."

"Bila kumuuliza daktari?"

"Ya nini kumuuliza?"

Hawakumuuliza swali la pili.

Siku ya tatu alirudi ofisini akiomba asaidiwe. Leonila akanikalisha mimi kwenye kiti chake niwe daktari, akaniambia nisimwonee haya.

"Nesi!" nikasema. "Mbona mgonjwa wa kitanda cha tatu hajaogeshwa?"

Deocampo alikunja uso.

"Jibu," akasema Leonila.

"Ndiyo, Daktari. Namwogesha sasa hivi."

"Tena. Na usikunje uso."

"Ndiyo, Daktari."

"Umekunja. Tena."

Tulifanya hivyo kwa wiki tatu. Nilimwona Leonila akimrudisha mara ya saba kwenye neno lililokuwa limetoka sawa mara ya pili. Nilimwona akifaidi. Simlaumu, lakini niliona.

Alasiri moja, tulipokuwa tunakunywa kahawa, nilimuuliza daktari kilichomsukuma ni nini. Alisema kuna nesi ambaye yeye daktari ndiye aliyemfundisha kushona kidonda. Sasa yuko Ireland, na amemjengea mama yake ghorofa ng'ambo ya barabara. "Kila asubuhi jua linapochomoza, kivuli cha ile nyumba kinaingia sebuleni kwangu," alisema. "Mke wangu hasemi kitu. Anasogeza kiti tu."

Leonila akaweka kikombe chini. "Daktari, hunikumbuki?"

Alimkazia macho kwa bidii, kama mtu anayetafuta mshipa kwenye mkono mnene. "Uliwahi kuwa mgonjwa wangu?"

"Nilikuwa mwanafunzi. Ulinipiga na koleo."

"Ah." Akatikisa kichwa taratibu. "Wengi niliwapiga, mama. Ndivyo tulivyofundishwa na sisi. Samahani kama nilikuumiza."

Basi. Jambo ambalo Leonila alilibeba zaidi ya miaka ishirini, mwenzake hakuwa nalo hata kidogo. Siku ile hakumrudisha tena. Alimwambia ameiva, aende nyumbani akapumzike.

Usaili wa pili alifaulu. Kabla hajapata viza, matroni wa hospitali ya wilaya, Bi Patrocinia Zerrudo, alishuka mjini kuja kumwona Leonila. Alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, akapanda ngazi zetu akipumzika kila hatua.

"Mcheleweshe, mwanangu. Miezi sita tu, tumpate mwingine. Mafaili hupotea, si hupotea?"

"Huyu ni mtu mzima, mama. Si mbuzi wa kufungwa kamba."

"Na sisi tulioko kule ni nini?"

Leonila akafungua faili lililofuata. Bi Patrocinia alishuka ngazi zile zile, akishikilia ukuta. Alipokwisha kwenda nikamuuliza Leonila: "Umekataa kwa sababu ni haki yake kuondoka, au kwa sababu ya lile koleo?"

"Ningejua ningekwambia," alisema.

Deocampo aliondoka mwezi wa Septemba. Chumba cha upasuaji kule kwetu kikafungwa kufuli. Mwezi wa Novemba, Jovelyn, binti wa kaka yake Leonila, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mtoto alikaa vibaya. Siku ya pili wakaamua kumleta Iloilo. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, wakamlaza kwenye lori la kabichi, mwendo wa saa tatu. Mtoto alifia njiani. Jovelyn alipona, ila kizazi chake hakikupona.

Leonila alikwenda mazikoni. Kaka yake, Teodulo, alimpokea langoni, wala hakumwambia aingie.

"Nasikia wewe ndiye uliyemfundisha kujibu maswali."

"Kaka, ndiyo kazi yangu."

"Eh. Na ulimfundisha vizuri, maana wamemchukua."

Leonila akarudi mjini kwa gari lile lile alilokwenda nalo.

Krismasi Deocampo alipiga simu ofisini. Alikuwa ametoka zamu. Alisema wazee ni wapole, isipokuwa mmoja anayemwita kijana na kumtupia uji. Alisema daktari wao ana miaka thelathini na wala hasikilizi mapigo ya moyo mpaka mwisho. Kisha akauliza kule kwetu wamempata nani.

"Bado wanatafuta," akasema Leonila.

"Na watu hawajambo?"

"Hawajambo, Daktari."

Alikata simu, akaenda kunawa uso, akaita anayefuata.

Miaka miwili ikapita kabla sijamwona Jovelyn. Nilimkuta asubuhi katikati ya foleni, bahasha mkononi. Alikuwa amesomea kazi ya kutunza wazee, anataka Uingereza. Mume alikuwa amemwacha. Baba yake hakujua kama amekuja kwetu. Nilimpitisha mbele ya wengine, nikamwacha na shangazi yake, lakini mlango haukufungwa na nikasikia.

Leonila alimpitisha kwenye maswali yote, moja moja, kwa sauti ile ile ya kila siku. Manukato. Wagonjwa kumi na wawili. Kuongeza ujuzi. Kisha akageuza karatasi.

"Watakuuliza kama una watoto."

"Sina, shangazi."

"Sema hivyo hivyo. Wanampenda asiye na mtoto, haombi likizo." Nikasikia kalamu ikiandika. "Na usilie. Tujaribu tena. Je, una watoto?"