Kimya Kabla ya Okestra

Jumapili iliyopita nilikuwa nakaanga sato jikoni kwangu Kiseke, simu ikijichagulia muziki yenyewe, mara ikaingia vayolini. Nikaitambua papo hapo. Nilizima jiko, nikasimama na mwiko mkononi, mtu mzima mimi, nimekasirika upya.

Ni konseto, muziki mrefu wa vayolini moja na okestra nzima, kazi ya karne iliyopita. Mwalimu Fidelis, aliyetufundisha kwaya shuleni Nyegezi, ndiye aliyenieleza ilivyojengwa. Mwanzoni vayolini na okestra wanabishana. Sehemu ya pili wanapatana, polepole, kama watu waliochoka kugombana. Kisha, kabla ya sehemu ya mwisho, okestra nzima inanyamaza na vayolini inabaki peke yake. Inapiga noti chache, inakaa kimya. Noti chache tena, kimya kirefu zaidi. Baada ya kimya kirefu kuliko vyote ndipo vidole vinatimua mbio, na okestra inarudi kwa kishindo.

"Hapo kwenye kimya usiguse uzi, Kabula," aliniambia. "Wewe hesabu kimoyomoyo. Mimi niko kwenye kinanda, nakungoja."

Alinirahisishia kipande hicho cha peke yangu, na okestra angeipiga yeye kwa kinanda. Vayolini ilikuwa yake, aliniazima. Baba, aliyeuza vipuri karibu na stendi ya Buzuruga, hakuona faida ya hicho kidubwasha. "Siku ya wazazi nitakuja kusikiliza," alisema. "Nikiona unaweza, endelea. Nikiona unahangaika, utarudisha kitu cha watu, usome." Nilifanya mazoezi mpaka shingo ikaota sugu. Mama alidai kuku wake wameacha kutaga kwa sababu yangu.

Siku ikafika. Chini ya turubai joto lilinuka jasho na pilau. Nilipiga, jamani, na noti zilitoka safi. Nikafika kwenye kimya kirefu, nikainua upinde kutoka kwenye nyuzi, nikaanza kuhesabu. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri hata leo.

"Masikini, amesahau," mama mmoja akasema.

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti. "Mtoto kakwama, tumpe moyo! Makofi ya kilo!"

Mnatujua tulivyo. Mtoto akisita mbele za watu hatumwachi. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapanda, na yule mama akaja mbele kunifuta jasho kwa kanga yake, huku mimi bado nahesabu.

Nikamtazama mwalimu. Angetikisa kichwa tu, ingetosha. Aliwatazama wageni meza kuu, akanitazama mimi, kisha akashusha mikono kwenye kinanda na kuingiza okestra bila mimi. Akapiga mpaka mwisho. Halafu akasimama, akachukua kipaza sauti. "Mtusamehe, wageni wetu. Bado ni mdogo, amejitahidi."

Baba alinishika mkono kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angenigombeza. "Basi, mwanangu. Nimeona ulivyohangaika."

"Baba, pale ndivyo inavyopigwa!"

"Mwalimu wako mwenyewe kasema."

Jumatatu nilirudisha vayolini. Mwalimu aliipokea bila kuniangalia. "Wale wasingeelewa, Kabula," akasema. Sijashika nyingine tangu siku hiyo.

Kwa miaka nilijilaumu, nikidhani nilinyamaza kupita kiasi na yeye akaniokoa. Nilipokuwa chuoni ndipo nikaisikia konseto yenyewe, imepigwa na mabingwa. Kimya chao kilikuwa kirefu kuliko changu. Nililia maktabani kama mtoto.

Mama yule wa kanga simlaumu, wala mshereheshaji, wala baba. Hawakujua. Chini ya turubai lile alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua kwamba sijakosea, na ndiye aliyewaomba watu msamaha kwa ajili yangu.