Siku Niliyokwenda Hitimani na Ngazi ya Dungu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaokesha na vitabu mpaka macho yanawatoka, na nyinyi wengine mnaofungua daftari siku ya kuamkia mtihani, nisikilizeni wote, maana aibu iliyonipata mimi Mbwera nzima inaijua, na ni afadhali mkaisikia kwangu kuliko kwa Bi Tatu, ambaye kila akiisimulia anaitia chumvi.

Mjukuu wangu Saada yuko kidato cha nne. Mwezi wa sita walifunga shule, na wakifungua tu wanaingia kwenye mtihani wa majaribio, ule wanaouita moko, na mwalimu wao alisema atakayeuvuka huo vizuri basi ule wa taifa hautamtisha. Neno hilo likanikaa. Mama yake aliishia la saba, mimi sikufika hata huko, nikasema huyu hatufanyi naye mzaha. Nikamkataza uwanja wa netiboli, nikamkataza kwenda kusukwa kwa shoga yake Zuhura, alfajiri namwamsha kabla ya adhana, na mchana akisinzia namgonga bega. Aliniomba mara moja tu, kwa adabu: "Bibi, nipe hata alasiri moja nipumzishe kichwa." Nikamjibu kichwa chako hakijabeba kuni, kimechokea wapi.

Sasa huo ndio wakati mpunga unaiva, na sisi huku tunahamia shambani kuamia ndege, tunakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kwa sababu chini ni majimaji na nguruwe pori wanapita watakavyo. Nikaona dungu ndiyo shule yenyewe: simu haishiki, mashoga hawamfikii, yeye juu anasoma, mimi chini na kopo langu nafukuza ndege. Siku za kwanza mambo yalikwenda (au niliona yanakwenda, maana mimi kitabu kikiwa wazi najua mtu anasoma).

Ikaja hitima ya marehemu kaka yangu, ng'ambo ya mkondo. Kutokwenda siwezi, na kumwacha Saada peke yake roho haitaki, shamba la kina Zuhura si mbali. Basi nikamwachia maji na viazi vya kuchemsha, nikamwambia ndege wakija apige kopo hukohuko juu, halafu nikashuka na kufanya jambo dogo tu: nikaiondoa ngazi. Yeye kainamia kitabu, hakuniona. Kuilaza majanini nikaogopa mtu atamsimamishia, nikaipakia kwenye mtumbwi nikaenda nayo.

Hebu nioneni: mtu mzima, baibui jipya, nimejifukiza udi, nateremka hitimani na ngazi. Wanawake wakaniuliza kama nimekuja kuezeka. Badala ya kunyamaza nikajigamba, nikawaeleza mbele ya sinia la pilau kwamba mjukuu wangu nimemweka juu anasoma, na hashuki mpaka nirudi. Bi Tatu akaacha kutafuna.

"Mwanaidi, umemweka mtoto darini kama mahindi ya mbegu? Na haja atakwenda wapi?"

Wakacheka. Haja sikuwa nimeifikiria, nawaambia kweli, lakini nikamjibu kwamba wa kwake ndio wanaoshuka ovyo na ndiyo maana hawafiki popote.

Hata pilau haijaisha, akaja jirani yangu wa shamba, amevuka kwa miguu, kalowa tope, akasema ndege wameufunika mpunga wangu, Saada watu wamemwita haitiki, na ngazi hawaioni.

Nikatoka. Maji yalikuwa yamekupwa na mtumbwi umekaa kwenye tope kama umepandwa. Nikatia ngazi begani nikaingia hivyohivyo na baibui langu, tope magotini, tope mapajani, na wa hitimani wote wamejipanga ukingoni wananiangalia, na kuna aliyecheka, nilimsikia.

Saada hakuwa amekufa wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa amelala. Siku zote zile nilimnyima usingizi, na nilipompa kisogo ukamchukua wote kwa pamoja. Watu walijaa chini ya dungu wanamwita, mmoja akaanza kulia kama msibani, na kilio hicho ndicho kilichomshtua. Akainuka na usingizi machoni, akapeleka mguu pale ngazi inapokaa siku zote.

Nilikuwa nimebakisha shamba moja kufika. Niliona. Nikafika na ngazi yangu begani, watu wakanipisha.

Kavunjika mkono wa kulia, wa kuandikia. Tulimpeleka kwa boti, kisha kwa gari mpaka Kibiti, akafungwa plasta. Daktari akauliza imekuwaje, na mwanangu Hamisi, baba yake Saada, akanitazama. "Mweleze mwenyewe, mama." Nikaeleza, na benchi zima la wagonjwa linasikiliza.

Moko ikampita, wenzake wanaandika yeye kakaa barazani. Wa taifa ni mwezi wa kumi na moja. Plasta imetolewa lakini vidole viwili havikunjiki sawasawa, anaandika mistari michache anauweka mkono chini, na sijui kama ataumaliza mtihani, naye hajui. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Nilimuuliza siku ile alikuwa amefika wapi katika kusoma kwake.

"Sikumbuki, Bibi. Ukurasa nilioushika ni uleule tangu jana yake."

Juzi alasiri alipitiwa na usingizi mkekani, kitabu kifuani, na mama yake akanyoosha mkono amtikise, maana ndivyo nilivyowazoesha. Nikamshika mkono nikamrudisha. Kisha nikawaita wote wa nyumba hii, na Hamisi akiwamo, wakasimama mlangoni, nikawaambia kwa sauti ya chini: Saada akilala, asimwamshe mtu. Hata mimi nikiwaambia mumwamshe, msinisikilize.