Mwalimu Pasi na Beseni la Viluwiluwi

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Pasi, na hata walimu wenzake walimwita hivyo akishageuza mgongo. Suruali zake zilikuwa na mkunjo wa mbele ulionyooka kiasi kwamba watoto waliambiana ukiugusa utajikata kidole. Alifundisha hesabu darasa la sita. Chaki aliivisha karatasi kwanza ndipo akaishika. Akimaliza kuandika ubaoni alipuliza mkono wa shati, akajikagua kola, ndipo akageuka kuwatazama wanafunzi wake.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea watu nguo barazani kwao, alipenda kuwaambia wateja kuwa hajaona binadamu mwingine anayeweza kula chungwa zima na asihitaji kunawa.

“Siku ya harusi yetu,” alisema, “mimi nililia machozi ya furaha, mwenzangu akanipa kitambaa akaniomba nisimlalie begani.”

Mwalimu Pasi alisikia maneno hayo mara nyingi na hakuyakanusha. Lile koti lilikuwa la kuazima, alisema, na doa la wanja halitoki.

Hesabu ilimfaa. Haina miguu, hainuki, haitoroki, na majibu yake yamepangwa vizuri nyuma ya kitabu. Laiti angeachwa nayo, angestaafu bila doa. Lakini mwalimu wa darasa la tatu alikuwa anakaribia kujifungua, na hapo ndipo mambo yalipoanza.

Darasa la tatu lilikuwa chumba cha mwisho kabisa, karibu na bomba la maji, na si bure kwamba liliwekwa karibu na bomba. Dirishani kulipangwa chupa zilizokatwa shingo, ndani yake maharage yameota na kutoa mizizi ya kuchungulia. Ukutani kulibandikwa majani makavu, maganda ya mayai yaliyopakwa rangi, na picha za mikono midogo ya kila rangi. Pembeni, chini ya gunia lililoloweshwa, kulikuwa na udongo wa kufinyangia. Kulikuwa na sanduku la viwavi. Na juu ya meza, karibu na mlango, lilikaa beseni pana la bluu lililojaa viluwiluwi. Mwalimu Pasi akipita mbele ya chumba hicho alishika tai yake kifuani kama mtu anayevuka mto.

Mwalimu Mkuu alimwita ofisini. Mama huyo aliwahi kuwa mwanafunzi wake, tena wa kukaa dawati la nyuma, na mpaka leo alimwamkia kwanza ndipo akampa amri.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mama. Kuna jema?”

“Lipo. Mwenzetu anaanza likizo ya uzazi. Darasa lake nimekupa wewe mpaka atakaporudi. Hesabu za darasa la sita nitazifundisha mwenyewe.”

Mwalimu Pasi alishika tai yake. “Lile la tatu? Lakini kule kuna wadudu.”

“Ndiyo, Mwalimu. Na watoto pia wapo.”

Akakubali shingo upande. Siku ya kukabidhiwa, mwalimu mjamzito alimzungusha darasani, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukionyesha: hawa wanakula hiki, wale wabadilishiwe maji yaliyokaa kwenye ndoo usiku kucha, hawa wakifika hatua fulani wafanyiwe vile. Mwalimu Pasi aliitikia kila neno kwa kichwa. Kumbe macho yake yote yalikuwa kwa kiwavi mmoja aliyekuwa anapanda fremu ya dirisha kuelekea mkono wa shati lake. Katika maelezo yote yale aliondoka na neno moja tu: majani.

Kesho yake aliingia darasani, akasimama na kulipa beseni mgongo, akasema, “Leo tutajifunza maisha ya chura. Fungueni madaftari.”

Akachora ubaoni. Mungu alimpa mwandiko mzuri, ila kwenye kuchora alimnyima kabisa. Kiluwiluwi wake alifanana na kijiko. Chura wake alikuwa birika lenye miguu. Watoto walibana vicheko mpaka wengine wakatokwa machozi. Mbele kabisa alikaa msichana mwembamba, mwenye meno mawili yaliyotoka na mkono uliokuwa juu muda wote. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye orodha ya mahudhurio, lakini shule nzima ilimwita Kwanini.

“Mwalimu, mbona huyo hana macho?”

“Yapo. Hayaonekani.”

“Ya hawa yanaonekana.” Akaelekeza kidole kwenye beseni. “Kwa nini tusiwaangalie hawa?”

“Kwa sababu hawa hawatulii. Wa ubaoni ametulia. Andika.”

Wakaandika, wakahema. Ikawa hivyo kila siku. Udongo ukakauka chini ya gunia, rangi zikagandia kwenye vikopo. Chakula cha viluwiluwi, majani laini yaliyochemshwa, Mwalimu Pasi alikisukumia majini kwa rula ndefu ya ubaoni, amesimama mbali, amegeuza uso kama anayezima moto. Yeye mwenyewe aliamini anaendesha darasa safi, na kwa kweli lilikuwa safi.

Ijumaa moja, kengele ya kwenda nyumbani ikikaribia, Kwanini akanyoosha mkono tena.

“Mwalimu, wameota miguu ya mbele. Mwalimu wetu alisema wakiota ya mbele tuwawekee jiwe.”

“Jiwe la nini?”

“La kupanda. Wasizame.”

Mwalimu Pasi alicheka kicheko kifupi. “Chura azame? Mwanangu, umewahi kuona samaki amezama? Kaa chini.”

Kwanini akakaa. Lakini alitazamana na jirani yake, na jirani akamtazama wa nyuma, na mtazamo huo ukazunguka darasa zima. Mwalimu Pasi aliuona, akajitia hamnazo. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda zake.

Jioni, wakati wa kula, akamsimulia mkewe kama kichekesho. Mkewe hakucheka.

“Hao viluwiluwi wanapumuaje?”

“Kwa matamvua, kama samaki. Nimewafundisha juzi.”

“Na chura mkubwa?”

“Kwa mapa—” Tonge likasimama njiani.

“Enhe,” alisema mkewe, akijiongezea mchuzi. “Sasa yule anayehama kutoka matamvua kwenda mapafu, na hana pa kushika, unadhani anafanyaje? Mimi ni mshonaji tu, nauliza.”

Mwalimu Pasi hakumalizia chakula. Usingizi nao ukawa wa kugeukageuka. Alijiambia ni vyura tu, nchi imejaa vyura, nani atawahesabu. Kisha akamwona akilini Kwanini, Jumatatu asubuhi, ameinamia beseni, na wadogo wale wanaelea chali. Kulipokucha alivaa viatu.

“Leo Jumamosi, baba watoto,” mkewe alimkumbusha.

“Najua.”

“Na hilo jiwe mkononi ni la nani?”

“Mama watoto, unakuja au huji?”

Mkewe alishafunga cherehani na kuchukua khanga. Jambo kama hilo asingelikosa hata kwa bwana harusi anayedai suti.

Mwalimu Pasi alifungua darasa mbio, akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akainama. Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe, aliinama kweli. Kwenye maji kulikuwa na viluwiluwi wachache wenye mikia mirefu bado. Wale wenye miguu minne hawakuwemo, si hai wala wafu. Katikati ya beseni kulisimama kipande cha tofali, kimeegemezwa fimbo mpaka ukingoni kama ngazi. Wakati yeye akifunga mabegi yake Ijumaa, kuna watu walikuwa wameamua lao.

“Alhamdu—” alianza kushusha pumzi, ndipo kitu kidogo, baridi, chenye unyevu, kikamtua juu ya kiatu.

Vichura walikuwa kila mahali. Walikuwa chini ya madawati, kwenye vikopo vya rangi, juu ya kitabu cha mwongozo wa mwalimu. Kila mmoja alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba na aliruka kana kwamba ndiyo kwanza amegundua kuruka.

“Funga mlango!” alipiga kelele.

Mkewe akafunga, akaketi juu ya dawati, akakunja miguu. “Haya, mwalimu. Darasa ni lako.”

Mwalimu Pasi alisimama. Akatazama suruali yake, akatazama sakafu yenye vumbi la chaki na matope. Akajikaza, akapiga magoti.

Wa kwanza alimkamata kwa kitambaa, akamponyoka. Wa pili naye vilevile. Wa tatu alimfunika kwa viganja vitupu, na akabaki hivyo hivyo, mikono imeshikana kama anaomba dua.

“Vipi?” mkewe aliuliza. “Kakung'ata?”

“Moyo wake,” alisema Mwalimu Pasi. “Unapiga. Nausikia kwenye kidole.”

Mkewe akashuka dawatini, akapiga magoti naye kumsaidia. Walitambaa asubuhi ile yote, mmoja huku, mwingine kule, wakiwarudisha vichura kwenye beseni lililofunikwa khanga, wakigombana nani ameziba upande wake vibaya. Mwalimu Mkuu, aliyekuja kuchukua miwani aliyoisahau ofisini, alisikia vishindo akachungulia dirishani. Alimwona mwalimu wake wa hesabu amelala kifudifudi chini ya dawati la nyuma, kama lile aliloketi yeye zamani, amepakaa tope mpaka shavuni, akibembeleza: “Njoo, baba, njoo, usiogope.” Mama yule aliondoka kwa ncha za vidole. Siku zote zilizofuata hakumwambia kitu, ila akikutana naye koridoni ilibidi ajikohoze.

Jumatatu, Mwalimu Pasi alisimama mbele ya darasa, akakohoa.

“Kuhusu lile jiwe,” alisema. “Mlikuwa sahihi. Nami sikuwa sahihi. Na yule aliyeweka tofali bila ruhusa…” Akawatazama. Darasa zima lilikuwa linatazama sakafu. “Ahsante yake.”

Alidhani watashangilia. Hawakuwa na muda huo.

“Uliwakamata kwa mkono, Mwalimu?” aliuliza Kwanini.

“Kwa mkono.”

“Wakoje?”

Mwalimu Pasi alifikiri. “Baridi,” alisema. “Na wepesi. Ni kama umeshika kitu ambacho kinafikiria kwenda mahali pengine.”

Mchana waliwapeleka vichura kwenye dimbwi lililo nyuma ya uzio, watoto wamebeba beseni kwa zamu na kwa fujo. Waliporudi waliloweka udongo upya, kila mtu akafinyanga chura wake. Na wa Mwalimu Pasi? Watoto walimzunguka, wakamtazama kwa upole, kisha Kwanini akamwambia, “Ni kiatu kizuri sana, Mwalimu.” Kiliwekwa dirishani pamoja na vingine.

Asidhani mtu kwamba alibadilika kuwa mwingine. Viwavi aliendelea kuwaogopa mpaka mwisho, na watoto walijua, wakawa wanamtangulia kuchungulia sanduku na kumtangazia: “Njia salama, Mwalimu!” Lakini sasa aliinama. Mizizi ya maharage waliichora wakiwa wamezishika zile chupa mkononi, na rangi waliitengeneza wenyewe kwa mkaa na maua yaliyopondwa. Alikuwa akirudi nyumbani na kumkatiza mkewe kazi, akimweleza jinsi mzizi unavyojua kwenda chini hata ukiligeuza haragwe kichwa chini miguu juu. Wateja wakabaki wakisubiri vifungo vyao.

Mwenye darasa alirudi akiwa amemfunga mtoto mgongoni siku ile ya kwanza, aje asalimiwe. Watoto walimrukia, wakamshika mikono, wakamshika mtoto miguu, wakaongea wote kwa pamoja. Mwalimu Pasi alisimama mlangoni na mabegi yake. Hakuna aliyemtazama. Alijiambia ndivyo inavyotakiwa. Moyo ulimchoma hata hivyo, akashangaa, maana hilo hakulitarajia.

Akarudi kwa darasa la sita, na darasa la sita likashtuka. Siku ya kwanza tu aliwatoa nje wakapime urefu wa mlingoti wa bendera kwa kutumia kivuli chake. Walilalamika kwamba wana mtihani, na kwamba jua ni kali. Wakapima. Kundi moja likapata jibu moja, kundi la pili likapata lingine, na wote wakamgeukia yeye awape la kweli.

“Mimi sina,” alisema Mwalimu Pasi. “Nyuma ya kitabu hakuna mlingoti huu.”

Wakabishana, kila kundi likishikilia lake, mpaka mpishi wa shule akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kulikoni. Walipokubaliana hatimaye kupima upya, wakainama wote pamoja na mwalimu wao, wakakuta kivuli kimeshasogea.